Neno Kwenye Kona ya Ubao

Dada yangu hanikasirikii. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, maana mimi na yeye tumegombana tangu enzi za kulala mkeka mmoja. Tangu baba afariki, dada amekuwa mpole kwangu, na upole huo ndio unaoniumiza. Nikimpigia simu huko Chemba alikoolewa, ananiuliza habari za kazi, za watoto, za upepo wa Dodoma, kisha anasema nisalimie wote. Anaongea nami kama anavyoongea na mke wa mchungaji.

Kosa langu nalijua. Niliposti kifo cha baba yetu kabla yeye hajaambiwa.

Niseme kwanza habari za neno lenyewe, kwa kuwa baba ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi ya kijiji kimoja huko Kongwa. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kigogo na Kiswahili, na alikiendea kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Kila Jumatatu aliandika neno moja la Kiingereza kwenye kona ya juu ya ubao, akalizungushia mstari wa chaki, na chini yake akaandika USIFUTE. Neno lilikaa pale wiki nzima. Kazi yetu ilikuwa kwenda kuuliza majumbani: nani amewahi kulisikia neno hili, alilisikia wapi, na huko lilikuwa na maana gani? Kamusi yake, nene na isiyo na jalada, iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, haikufunguliwa mpaka Ijumaa.

Nilikuwa darasa la sita na dada darasa la saba, siku hizo madarasa hayo mawili yakisoma Kiingereza chumba kimoja, alipoandika post. Nikamwambia dada njiani kwamba wiki hii tumepata mteremko: post ni posta, tumemaliza. Dada akaniambia nina haraka kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Hilo alikuwa akiniambia karibu kila siku, na hakukosea hata mara moja.

Yeye alikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kujenga uzio wa ranchi. Mzee akamwonyesha kiganja chenye makovu, akasema posti ni nguzo, na nguzo hizo alizichimbia mpaka ngozi ikatoka. Mtoto mwingine alileta posti la goli, lile linalorudisha mpira wakati watu wameshaanza kushangilia. Mwingine, ambaye mjomba wake alikuwa askari, alisema post ni mahali mlinzi anapowekwa na haruhusiwi kuondoka. Binti mmoja ambaye shangazi yake alifanya usafi hospitalini alileta postimotamu, uchunguzi wa maiti, na darasa zima likamgeukia, kwa sababu hatukutegemea neno dogo namna ile liwe na chumba cha maiti ndani yake.

Ijumaa baba alifungua kamusi, akatusomea polepole, huku akitafsiri, kidole kikiwa kwenye mstari. Akasema maneno haya yamevaa shati moja lakini hayakuzaliwa na mama mmoja. Ile ya nguzo imetoka kwenye Kilatini cha kale, ilikuwa mwimo wa mlango. Ile ya postimotamu ni Kilatini pia, ila maana yake ni baada ya, basi. Na ile ya barua imetokana na kuweka. Zamani, alisema, watu na farasi waliwekwa njiani, mmoja hapa, mwingine kule mbali, na kila mmoja alibeba mfuko wa barua mpaka kwa mwenzake, akaukabidhi, akapumzika. Post ni yule aliyewekwa.

Wengine tulikuwa tunasubiri kengele. Dada aliuliza, "Na yule wa mwisho anampa nani?"

"Anampa mwenyewe," baba alisema. "Mkononi."

Hakuwa anasema maneno ya ubaoni tu. Kijiji chetu hakikuwa na posta. Barua zote zilikuja kwa sanduku la shule, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa baba. Jumamosi alipanda baiskeli mpaka mjini Kongwa, akarudi na barua, akazigawa nyumba kwa nyumba. Wasiojua kusoma aliwasomea. Barua za harusi na za ada alizitoa popote, hata kisimani. Barua ya msiba ilikuwa na taratibu zake.

Siku moja ilikuja barua iliyoandikwa kwake mwenyewe kutoka Tanga. Watu waliofanya kazi na kijana mmoja wa kijijini kwetu walimwomba mwalimu amwambie mama wa yule kijana kwamba mwanawe amefariki kwa ajali na wameshamzika. Yule mama alikuwa amekwenda kumwuguza binti yake aliyejifungua, kijiji cha mbali, na hakuna aliyejua atarudi lini. Baba aliitia barua kwenye mfuko wa shati. Siku nne alikula nayo, akafundisha nayo, na kila jioni alipanda baiskeli kwenda kuangalia kama moshi unatoka nyumbani kwa yule mama. Mimi, na haraka zangu, nilimwuliza kwa nini asiwaambie majirani, watamwambia akirudi.

"Habari hii si yangu, wala si ya majirani," alisema. "Ni ya kwake. Mimi nimewekwa tu njiani."

Siku ya nne moshi ulitoka. Baba alimchukua mama yetu, nasi tukafuata nyuma bila kuitwa. Nakumbuka vizuri alivyofanya. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Akauliza nani yupo nyumbani. Akaomba kaka wa yule mama aitwe, naye alipofika, baba aliinuka, akaipua chungu kilichokuwa jikoni, akakiweka chini mbali, ili mtu asije akaungua. Ndipo akasema. Nilikasirika kwa kuona anamchelewesha, kumbe alikuwa anamwandalia mahali pa kuangukia.

Sasa nije kwangu. Mama yetu alitangulia miaka mingi iliyopita, na baba alipozidiwa tulimleta Dodoma, nyumbani kwangu upande wa Msalato, kisha akalazwa. Dada alikaa naye majuma mawili, akala mikate ya hospitali na kulala kwenye kiti. Baba alikuwa amekataa kila chakula. Alichotaka ni uji wa uwele, na si uwele wa dukani, wa shambani kwa dada. Kwa hiyo dada alirudi Chemba kwenda kusaga unga, aje nao kesho yake. Mimi nikabaki zamu.

Baba alifariki asubuhi, saa mbili na kitu, jua likiwa limeshaingia mpaka kitandani. Nilimshika mkono mpaka muuguzi aliponiambia taratibu kwamba nimwachie. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikafanya jambo moja la akili: nikampigia shemeji, mume wa dada, ili amfuate popote alipo, amrudishe nyumbani, amwite mama yake mzazi akae naye, ndipo amwambie. Simu iliita bila kupokelewa. Alikuwa mnadani, kwenye kelele za ng'ombe. Nikapiga tena, nikapiga tena. Kumpigia dada moja kwa moja nilijua haifai. Hilo hata mimi nalijua.

Katika kusubiri huko nikafungua picha za baba. Nikaipata ile niliyompiga mwaka aliostaafu, amesimama mbele ya ubao, ameshika chaki. Nikaandika maneno, nikayafuta, nikaandika tena. Nilirekebisha herufi mara tatu, maana baba alichukia makosa ya uandishi. Nikabonyeza, ikaingia kwenye status yangu. Nilijiambia kwamba dada ana kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, hawezi kuona. Na sitaki kudanganya: zile pole zilipoanza kumiminika, kutoka ofisini, kanisani, kwa watu niliosoma nao, nilijisikia nimeshikwa bega. Nililia vizuri zaidi nikiwa nazisoma.

Miongoni mwa waliokuwa na namba yangu alikuwa mwimbaji mmoja wa kwaya ya Chemba. Tulikuwa kundi moja la mchango wa harusi, harusi ambayo wenyewe wameshazaa mara mbili na kundi bado lipo. Asubuhi ile alikuwa kwenye mashine ya kusaga. Aliona posti, akainua macho, akamwona dada yangu kwenye foleni na ndoo ya uwele. Simlaumu. Alimwendea, akamkumbatia, akasema, "Pole, dada, poleni sana kwa msiba wa baba." Mashine ilikuwa inanguruma, dada akaomba arudie.

Shemeji alipokea simu yangu baada ya hapo, kama saa moja tangu niposti. Akasema, "Ameshajua."

Dada alifika Dodoma mchana. Watu walikuwa wameshajaa uani, turubai limefungwa. Alishuka na ule unga, kwenye mfuko, umefungwa kwa kitenge. Hakuuacha mashineni, alisubiri zamu yake, akausaga, akaja nao. Aliwapa wanawake wa jikoni wakapikie uji wa waombolezaji. Kisha akanijia nilipokaa, akainama sikioni kwangu, watu wakidhani ananibembeleza.

"Baba alibeba barua ya yule mama siku nne," aliniambia. "Wewe umeshindwa kunibebea saa moja."

Basi. Hakulirudia tena, wala hakumwambia mtu. Tulimzika baba Kongwa, kando ya mama. Dada hakulia kaburini. Wanaukoo walisema ana moyo mgumu, wengine walisema ni imani. Mimi nilijua kwamba machozi yake nilimmwagia pale mashineni, mbele ya foleni ya watu, akiwa ameshika ndoo.

Ile posti niliifuta, kama vile inasaidia. Miezi ikapita, akawa ananiuliza habari za upepo.

Mwezi uliopita nilichukua ruhusa kazini, nikapanda basi asubuhi mpaka Chemba bila kumwambia. Nilimkuta jikoni kwake, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mlenda uko motoni. Nikamsalimia mbukwa, kwa Kigogo, kama baba alivyotufundisha kumsalimia mtu unayekuja kwake na habari. Akaitika, akanitazama, akataka kunipeleka sebuleni kama mgeni. Nikamwambia hapa panatosha. Nikaomba maji ya kunywa.

Aliniletea kwenye kikombe. Nikanywa yote, nikakaa kwenye kigoda.

"Nani yupo nyumbani?" nikamwuliza.

Hapo alielewa. Nilimwona akielewa, mwiko ulisimama kwenye sufuria. Nikadhani atanifukuza, na ningeondoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nipo mimi na shemeji yako."

Nikaomba aitwe. Shemeji alikuja, akavua kofia, akakaa mlangoni bila kuuliza. Nikainuka, nikachukua ncha mbili za kitenge changu, nikaipua sufuria ya mlenda, nikaiweka chini mbali na sisi.

"Dada," nikasema, "nimekuletea habari ya baba. Amefariki leo asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuhangaika. Kabla ya hapo alifungua macho akaniuliza, unga umefika? Nikamwambia dada yuko njiani nao. Akasema, basi namsubiri."

Hayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Watu wote wale waliosoma maneno yangu, na hilo moja lililokuwa la kwake nililisahau mfukoni.

Dada alikaa chini kwenye udongo, akaita baba, akaita tena, na kilio kikamtoka chote, kile cha mashineni na cha kaburini. Shemeji alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Majirani walisikia wakaja mbio, wakauliza nani amefariki, na shemeji akawaambia kwamba ni baba mkwe wake. Mlenda ulipoa pale chini, hakuna aliyeukumbuka.