Mpimaji wa Mawe na Dhahabu ya Kulamba

Pale Kalangalala, mjini Geita, ukitaka kujua kama jiwe lako lina dhahabu au umebeba tofali tu, ulikwenda kwa Cornel Ngassa. Watu walifika uani kwake na mifuko begani, macho yamewatoka, wengine wameshachagua hadi rangi ya gari watakalonunua. Cornel alichukua vipande viwili vitatu, akavitwanga kwenye kinu cha chuma, unga akautia kwenye karai, kisha akachuchumaa kando ya pipa na kuanza kuzungusha. Maji ya kwanza, akamwaga. Maji ya pili, akamwaga. Maji ya tatu ndiyo yalikuwa ya hukumu. Dhahabu ni nzito, inabaki chini imeng'ang'ania karai. Ulanga, yale magamba ya mawe yanayometameta na kuwatia watu wazimu, unaondoka na maji. Cornel aliangalia, akakohoa, akatamka neno moja kati ya mawili: "Ipo," au "Hamna."

Kwa miaka thelathini alitamka "Hamna" mara nyingi zaidi, na hakuwa mtu wa kuongezea pole. Kuna bwana aliuza ng'ombe wanne ili achimbe shimo lake, akaleta mawe huku anatetemeka kwa furaha. "Hamna," Cornel akamwambia. "Huo ni ulanga. Rudi Kishapu ukalime mtama." Yule bwana akalia palepale, Cornel anaosha karai. Mchungaji naye alileta jiwe alilodai kaonyeshwa kwenye maombi. Hamna! Tangu Jumapili iliyofuata Cornel alikuwa anapewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako mahubiri hayasikiki vizuri. Watu walimchukia, na walimwamini kupita maelezo.

Sasa mtu mkali kiasi hicho ndiye aliyekuja kuangushwa na kopo la unga. Na wala usiseme alidanganywa. Afadhali angedanganywa.

Cornel alikuwa na sukari, mwaka wa sita sasa. Kliniki walimpa vidonge vya asubuhi na jioni, wakampa na orodha ya chakula ambayo kwa Msukuma ni tusi la wazi: wali apunguze, ugali apunguze, matobolwa ya viazi vitamu apunguze, soda asiiguse kabisa. "Sasa nile nini, nile hii karatasi?" alimuuliza mke wake, Melania. Melania akampikia mchicha. Kesho yake akampikia mchicha. Vidonge navyo vilimvuruga tumbo, mzee mzima na heshima zake anaacha karai la mteja linaelea, anakimbilia chooni.

Halafu buti la mpira likamchubua kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakusikia chochote, maana sukari ilikuwa imeshamfisha nyayo. Melania ndiye aliyeona soksi imelowa, akamkokota hadi kliniki. Daktari, binti mpole wa umri wa mtoto wao Dorah, alimwamkia shikamoo, akakitazama kidonda, kisha akamweleza bila kuzunguka. "Mzee wangu, kisafishwe kila siku. Mabuti weka kando. Vidonge usiruke hata kimoja. Sukari ikishuka, kidole kitapona. Ikizidi kupanda tutakikata, na tukichelewa tutakata zaidi ya kidole."

Ungemwambia Cornel anakatwa sikio, angekuuliza lipi. Lakini kidole gumba cha mguu! Mpimaji anachuchumaa kutwa, na uzito wote uko pale mbele, kwenye vidole. Bila kidole gumba hachuchumai, asipochuchumaa hapimi, na Cornel asiyepima ni nani? Mzee fulani tu wa Kalangalala mwenye mke anayepika mchicha. Aliogopa, jamani. Aliogopa hadi akawa anakiota kile kidole, na hakumwambia mtu. Hapo ndipo Nasibu alipomkuta.

Nasibu mwaka juzi alikuwa anauza makava ya simu stendi ya Kahama. Mwaka huu alikuwa Dokta. Udokta wenyewe aliupata kwenye semina ya siku mbili, chakula cha mchana kikiwemo, na koti jeupe akajinunulia. Dawa yake iliitwa Suvanajivu, tiba asilia ya Ayurveda kutoka India, iliyotumiwa na wafalme kwa miaka elfu tano, ingawa kopo liliandikwa litumike kabla ya mwezi wa nane. Ndani mlikuwa na manjano, tangawizi, mdalasini na mizizi ya huko kwao, vitu vizuri tu, nusu yake unavikuta kwenye rafu ya mama yeyote anayepika pilau. Lakini faida alizozitaja kwenye mkutano wake ukumbini, mwenzangu, vuta kiti! Inasafisha damu. Inakaza mifupa, inatuliza presha, inayeyusha mawe ya figo. Inarudisha nywele, inarudisha kumbukumbu, inarudisha nguvu za kiume, na kuna mama alisimama palepale akashuhudia kwa machozi kwamba ilimrudishia mume. Hata wazima walioingia pale kufuata soda ya bure walianza kujisikia vibaya ili nao wasipitwe.

"Na sukari," Nasibu akasema, "hiyo ndiyo tunaimaliza bila jasho. Mgonjwa anakula anachotaka. Wali, soda, keki. Mwili unajisawazisha wenyewe." Cornel, aliyekuwa ameegemea ukuta wa nyuma, akasimama wima.

Nasibu akashusha sauti. "Siri yake ni majivu ya dhahabu. Dhahabu safi, ya kuliwa."

Unawaambia watu wa Geita hivyo! Watu waliokunywa matope ya dhahabu, wakavuta vumbi lake, wakazika ndugu zao kwenye mashimo yake, na katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kuilamba. Vichwa vyote ukumbini vikageuka kumtazama mtu mmoja.

"Lete kesho kwangu," Cornel akasema. "Nitaipima."

Asubuhi yake ua ulijaa. Bernadina, jirani anayeuza vitumbua, alifika wa kwanza na kigoda chake mwenyewe. Yeye shida yake ilikuwa presha, vidonge alikuwa anameza mwaka wa nane. Nasibu alisimama na koti lake, anatokwa jasho jembamba, maana sifa za karai lile alikuwa amezisikia tangu Kahama. Cornel akafungua kopo, akachota vijiko vitatu, akachuchumaa. Kidole kimefungwa bandeji, kimetokeza kwenye ndala.

Maji ya kwanza yalitoka kahawia, ua mzima ukanukia pilau. Akamwaga. Maji ya pili yakatoka mepesi kidogo. Akamwaga taratibu, na chini ya karai ukabaki mkia mwembamba, wa njano, unang'aa juani. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

Cornel aliuona, na alijua. Jicho la miaka thelathini haliombi ruhusa. Yale magamba hayakutulia, yalikuwa yanacheza na maji, yanainuka, yanatafuta njia ya kutoka. Ulanga mtupu! Maji ya tatu yangeusomba wote, karai lingebaki jeupe, na Nasibu angerudi kwenye makava yake ya simu kabla ya chai ya saa nne.

Lakini Cornel alikuwa anafikiria kisu. Alifikiria mchicha, alifikiria tumbo linalomkimbiza, alifikiria yule binti mpole anavyosema "tutakikata" kama mtu anayekuambia atakupunguza nywele. Kama dhahabu ipo, dawa ni ya kweli. Kama dawa ni ya kweli, kidole kinabaki. Akalitazama karai lile muda mrefu kuliko alivyowahi kulitazama jiwe la binadamu yeyote. Pipa lilikuwa pembeni yake, limejaa. Hakuchota.

"Ipo," akasema.

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani kuna harusi. Bernadina akafungua kibindo palepale na kuchukua makopo mawili. Nasibu alimkumbatia Cornel, akampa makopo matatu ya heshima, akampiga picha na karai lake, na ndani ya wiki picha ile ilikuwa imebandikwa stendi, sokoni na kwenye ukuta wa kinyozi: MTAALAMU WA DHAHABU GEITA ATHIBITISHA. Cornel katika picha ametabasamu, jambo ambalo wengi walikiri hawajawahi kuliona, na nalo likahesabiwa kuwa miongoni mwa faida za dawa.

Ni Melania peke yake aliyebaki na neno. Alingoja ua utulie, akamuuliza, "Baba Dorah, mbona leo hukutia maji ya tatu?"

"Unanifundisha kazi?"

"Nauliza tu. Miaka ishirini na sita nakuchotea hayo maji."

"Hili si jiwe, Melania. Ni dawa."

"Haya," Melania akasema. Akaingia ndani, akaleta vidonge vya kliniki, akaviweka mezani mbele yake. Cornel akavisogeza pembeni, akaomba wali.

Wiki zilizofuata alikuwa na raha mustarehe. Alikula wali wa Kahama, ule unaonukia hadi kwa jirani, akashushia na soda ya baridi, na kila baada ya chakula akalamba kijiko chake cha dhahabu. Akaanza kusikia kiu isiyoisha. Akampigia Nasibu. "Safi sana, mzee, dawa inafanya kazi!" Akawa anaamka kukojoa mara saba. "Mwili unatoa sumu." Macho yakaingia ukungu. "Yanajisafisha." Kidole kikabadilika rangi, kikawa cheusi. "Damu chafu hiyo, iache itoke." Ukimsikiliza Nasibu, hapakuwa na namna mtu angeumwa. Ukipata nafuu ni dawa, ukizidiwa ni dawa imekolea, na nina hakika ungekufa angekupongeza kwa kumaliza dozi.

Melania alibishana naye, akanuna, akamfichia soda, akamtafuta hadi mchungaji, ambaye alisema ataombea. Wiki ya tano harufu ya mguu ikaanza kupita nguvu za mdalasini. Asubuhi moja Cornel akashindwa kusimama, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na Melania hakuomba tena ruhusa ya mtu. Aliita bajaji, akampakia na blanketi lake. Hospitali walimtoboa kidole cha mkono kupima sukari, na kipimo kikakataa hata kutoa namba. Ilikuwa juu mno.

Hawakukata kidole. Muda wa kukata kidole ulikuwa umepita wiki mbili nyuma. Walikata mguu, chini ya goti.

Yule binti wa kliniki alipita kumjulia hali. Cornel alijiandaa kugombezwa, alikuwa anataka kabisa kugombezwa, lakini daktari alimrekebishia mto tu, akamwambia pole mzee wangu. Alipotoka Cornel aligeukia ukutani akalia. Nasibu hakuja. Melania alipompigia, alisema mzee alichelewa kuanza dozi.

Siku ya nne Bernadina akaja kumwona. Aliingia wodini anashika vitanda njiani, akaketi kwa kishindo kwenye stuli, akafunga macho kidogo.

"Una nini, mayu?" Cornel akamuuliza.

"Kichwa tu, Baba Dorah. Tangu juzi kinagonga, na naona vinyota. Itapita. Vile vidonge vya presha nimeshaachana navyo, si unajua, tangu siku ile uliyothibitisha." Akafungua kapu lake, akatoa kopo. "Nikasema nikuletee la kwangu, lina nusu bado. Wewe lako lilikuishia, ndiyo maana yakakukuta haya."

Cornel alimtazama mama wa watu, mishipa imemsimama kwenye paji la uso, macho mekundu, anamnyooshea kopo kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Bernadina, nisikilize. Hamna dhahabu humo. Niliona kwamba hamna. Niliona palepale, mbele yenu, nikasema ipo. Rudi kwenye vidonge vyako leo hii. Shuka hapo chini wakupime."

Bernadina alimwangalia kwa huruma nyingi. "Pole, baba. Sindano hizi zinachanganya sana."

"Anasema kweli, Mama," Melania akadakia. "Nilikuwepo."

"Mama Dorah, wewe ni mke, unaumia, nakuelewa. Lakini huyu mtu miaka thelathini hajawahi kumwambia mtu uongo ili kumfurahisha. Mchungaji mwenyewe alimwambia hamna. Leo aje aanzie kwangu?"

"Sikuanzia kwako," Cornel akasema. "Nilianzia kwangu."

Bernadina akatikisa kichwa, akampapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Cornel akajitupa mbele alinyakue lile kopo. Akatafuta pa kukanyaga kwa mguu wa kulia, hapakuwa na mguu, akaangukia ubavu kitandani na mkono wake ukaishia hewani. Melania alimkimbilia kumshika asiporomoke.

"Tulia, baba, tulia," Bernadina alimwambia. Akatoa kijiko kwenye kapu, akafungua kopo, akachota kikajaa pomoni, na akalamba chote, huku amefumba macho kwa kichwa kilivyokuwa kinamgonga.