Gari Lisilopiga Hodi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoyaona magoti ya mama mkwe wangu. Usicheke. Umeniuliza ununue lipi kati ya magari mawili ya umeme niliyowahi kuwa nayo, nami siwezi kukujibu bila kupitia nyumbani kwa mama mkwe, Handeni.

La kwanza lilikuwa dogo, la mtumba kutoka Japani. Nilikuwa tayari na wajukuu, lakini siku nilipolileta hapa Korogwe nilijiona barobaro. Viti laini, kona za sokoni linazikata bila shida, na umeme linakula kidogo. Nalichaji hapahapa nyumbani, asubuhi naondoka. Ila kwenda Handeni na kurudi ilikuwa shughuli: nazima kiyoyozi, nafungua vioo, namwomba Mungu lisinizimikie njiani. Na lilikuwa kimya kabisa. Kimya hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Mama mkwe alikuwa anaumwa magoti, hata kuswali akiswali ameketi kwenye kiti. Mke wangu akanituma nimlete hospitali. Nikaingia na gari mpaka karibu na baraza, polepole, nikitaka kumfurahisha. Bibi wa watu alikuwa peke yake, ungo wa mahindi pembeni, kanga ameipandisha, anajipaka dawa ya kuchua. Hakusikia kitu mpaka aliponiona mbele yake. Akaunyakua ungo akajifunika, mahindi yote chini, akajikokota ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba Zaina," akasema kutoka nyuma ya mlango, "mbuzi wangu wakirudi nawasikia. Wewe unaingia na dude zima hilo, kimya, kama mtu anayenivizia? Hospitali siendi. Na hilo silipandi."

Nikarudi peke yangu. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mama yake aliendelea kuteseka kwa sababu yangu.

Baadaye nikapata gari la pili, hili unaloliona. Ni kubwa, viti vyake vigumu, na kwenye vichochoro vya sokoni linanitoa jasho. Lakini chaji yake inanipeleka Handeni na kunirudisha, kiyoyozi kikiwaka, na likienda polepole lina mvumo fulani, mtu analisikia linakuja. Nikasema, basi, tatizo limekwisha. Nikaenda tena, nikasimamisha gari mbele ya nyumba, nikakaa humohumo ndani nikimsubiri atoke.

Akatoka na mkongojo wake, amejifunga vizuri, mtandio kichwani. Akaliangalia gari, kisha akaniangalia mimi.

"Gari limepiga hodi," akasema. "Na wewe je?"

Nilishuka, mwanangu, mzee mzima, nikarudi mpaka barabarani, nikaanza upya kwa miguu, nikapiga hodi kwa sauti. "Karibu, baba," akaitikia. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akapanda kiti cha nyuma bila kubembelezwa. Njia nzima alinisimulia habari za mbuzi wake. Ilichukua muda na dawa nyingi, lakini siku nilipoambiwa kwamba anasujudu tena, nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Sasa nakujibu. Kama safari zako ni za mjini tu, chukua dogo, litakufaa sana. Kama una watu wa kuwafuata mbali, vumilia viti vigumu, chukua kubwa. Lakini lolote utakalochukua, lisimamishe nje ya uwanja wa watu, ushuke, upige hodi, usubiri. Heshima ya kufika kwa mtu ni yako wewe, usiliachie gari likufanyie.

Mungu akupe chombo cha heri, mwanangu, na kila mlango utakaosimama mbele yake, uitikiwe karibu.