Cheche Hapokei Simu

Dada yangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mkono wake umetulia kuliko wa wanaume wengi ninaowajua. Alipojiunga na kundi la mafundi mtandaoni kwa jina lake halisi, aliuliza swali kuhusu bati jembamba. Mmoja akamwambia arudi jikoni, wengine wakamwomba picha. Watu wazima hao, wana wake na watoto! Akajitoa, akarudi kwa namba nyingine, akajiita Cheche, akaweka picha ya fundi aliyefunikwa uso kwa kinga. Akauliza swali lilelile. Akajibiwa kwa heshima zote.

Humo ndimo alimompata Nyundo, fundi wa mji mwingine. Walitaniana kutwa nzima. Nyundo alimwita kaka, akamsimulia hata ugomvi wake na mama mkwe. Kitu kimoja tu Cheche hakufanya: kupokea simu. "Simu yangu haitoi sauti, andika," alikuwa akimwambia, maana sauti ingemuumbua, na rafiki angemponyoka.

Siku ile nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana karakana. Simu ikaita. Alipoona ni Nyundo aliiacha mpaka ikakatika, kisha akaandika, "Bado mbovu, ndugu yangu. Andika." Hakujibiwa. Jioni kundi zima lilikuwa likiomboleza. Nyundo alikuwa anaziba tangi la gari, likamlipukia, akafa palepale.

Tulikwenda msibani. Dada alilia njia nzima, nami nikamwonya asithubutu kujitambulisha. Tulipoingia ndani, mjane alikuwa akiwasimulia wenzake.

"Mteja ana haraka, amesimama pale. Mume wangu akasema, ngoja kwanza nimuulize Cheche, tangi hili lilikuwa na petroli. Huyo Cheche wake hakupokea."

Nilimfinya dada. Wapi!

"Cheche ni mimi," alisema.

Wanawake wote wakamgeukia. Nilijua sasa ataitwa hawara, tutatolewa mbio. Mjane alimtazama tu.

"Uwe mwanamke, uwe mwanamume, mimi hainihusu. Simu uliiona?"

"Niliiona, dada."

"Ungemwambia nini?"

"Asiwashe moto. Alijaze maji kwanza."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Mjane aligeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka tulipoondoka.