Hirizi Hutangulia, Bualai Hufuata

Ukipita nyumbani kwa Nan Muen asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya bustani za miti ya matunda ya longani, utamkuta binti yake Bualai ameketi barazani na kamba mapajani. Anaipitisha yote mikononi mwake, taratibu, macho yakiwa kwingine. Anaongea na kuku, anamkaripia paka, ananiuliza mimi kama nimekula. Vidole ndivyo vinavyotazama. Vikifika penye uzi uliokatika, au penye kaugumu kadogo kama punje ya mchanga imeingia ndani, vinasimama vyenyewe, na maneno yake nayo yanasimama.

Mtu aliyewahi kuvaa vazi la utawa huku kwetu huitwa Nan mpaka anakufa, hata akija kuwa mlevi. Muen hakuwa mlevi. Alikuwa tabibu wa miti. Ile miti ya yang iliyosimama kando ya barabara ya zamani ya kwenda mji wa Lamphun, mirefu hata ukiitazama kofia inaanguka, mingi iliujua uzito wake. Alikata matawi yaliyokufa, akapaka vidonda chokaa nyekundu ya tambuu, akafunga kwa waya matawi mapacha yaliyotaka kuachana. Mti wenye majani hakuwahi kuuangusha.

Vyombo vyake vilitundikwa ukutani chini ya rafu ya maua na ubani. Kulikuwa na mkanda wa kupandia wenye vitanzi vya mapaja, misumeno ya mkono ndani ya ala zake, msumeno wa mota uliofunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala, pete za chuma zenye mlango, na makapi, yaani yale magurudumu madogo yanayopitisha kamba. Viatu vya miba vilikaa mbali na vingine, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nilimwuliza siku moja kwa nini.

"Hivyo ni vya mti uliokwisha kufa," alisema. "Daktari gani humpanda mgonjwa kwa misumari?"

Na hakuna aliyeruka chombo kikiwa chini. Chombo kina roho ya mwalimu wake, na mwalimu harukwi. Bualai amekua hivyo, akizunguka kamba badala ya kuipita, hata alipokuwa anatambaa. Alipokuwa mkubwa alikwenda kushona nguo kiwandani, akarudi, akaanza kushona mikanda ya baba yake. Kisha baba akamfundisha fundo la kushika, lile linaloteleza ukilisukuma na kung'ang'ania ukilining'inia. Alijifunzia kwenye mlongani wa nyuma ya nyumba, na mama yake, Mungu amweke pema, alisimama chini akimwambia ashuke akapike.

Sasa goti la Nan Muen likastaafu kabla yake mwenyewe. Ikawa kazi haina mpandaji. Mpwa wake wa Lamphun akatuma salamu kwamba yuko tayari kuvichukua vyombo vyote. Mpwa huyo kazi yake ni kuangusha miti, siyo kuitibu. Nan Muen alikaa na salamu zile kama mtu aliyemeza mfupa. Mwishoni akamwambia binti yake mbele yangu:

"Mti mkubwa wa hekaluni una tawi lililokufa juu ya paa la ukumbi. Ukiliteremsha bila kuvunja kigae, kamba ni yako na kila kilichomo ukutani. Usipoweza, vinakwenda Lamphun. Chombo kisicho na mpandaji huoza, na mimi sitaki kukiona kikioza."

Bualai alichukua kamba akaanza tena kuipitisha mikononi, ingawa alikwisha kuikagua asubuhi ile.

Siku ya kazi nilikwenda kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na kwa sababu nilijua kutakuwa na wali wa kunata na pilipili za kuchoma. Mti ule, yang mkubwa, ulifungwa kitambaa cha manjano kiunoni, umetawazwa kama mtawa. Mtawa mkuu wa hekalu, mzee mwembamba, alikuwa anafagia majani. Watu wa chini walikuwa wawili, wale wale wa miaka yote. Thongsuk ni mnene, na shingoni amejaza hirizi, vigae vidogo vyenye sura ya Buddha vilivyotiwa vioo, hata akicheka analia kama mkokoteni wa chupa. Khiao ni mwembamba, hirizi hana, lakini mgongo wake wote umechanjwa chale za chui na maandiko ya kinga, kazi ya fundi wa zamani.

Mpandaji bila watu wa chini ni tunda linalongoja kuanguka. Wao ndio wanaopandisha vyombo, wanaoshika kamba ya tawi, wanaosema simama na teremsha. Na wote wawili walipomwona Bualai anafunga mkanda wa mapaja, walitazamana.

"Mjomba Muen," Thongsuk akasema, "anayepanda ni nani?"

"Unamwona amevaa mkanda. Unadhani anakwenda sokoni?"

"Mjomba, mimi namheshimu dada Bualai. Lakini siwezi kusimama chini yake na hirizi hizi."

Huku kwetu mwanamume mwenye hirizi hapiti hata chini ya kamba iliyoanikwa sketi. Nguvu humwagika, wanasema, kama maji kwenye kikapu. Kusimama chini ya mwanamke kutwa nzima ni kuvaa vipande vya udongo tu.

Bualai akaweka mikono kiunoni. "Wakati wa longani, nikiwa juu ya ngazi ya mianzi, kikapu chini hushika nani?"

"Mimi."

"Na hirizi?"

"Naziacha kwa mama."

"Basi zipeleke kwa mama sasa. Nitakungoja."

"Dada, longani haiangushi tawi lenye uzito wa nyati. Siku ya kuchuma matunda naweza kukaa bila ulinzi. Leo ndiyo siku yenyewe ya kuzivaa."

Hapo hata mimi nikaona ana hoja. Nan Muen akakaa kwenye kiti chake cha plastiki akanyoosha goti, na uso wake ukaanza kuelekea Lamphun.

Mtawa mkuu akaacha kufagia. "Muen, mnapanda, au niagize chai?"

"Agiza chai tu, Baba Mkuu," alisema Nan Muen kwa unyonge.

Bualai alikuwa anatazama juu. Alitazama panda za matawi, akatazama manati, ile kubwa yenye mpini mrefu kama mti wa bendera, ambayo hurusha kifuko kizito cha madini ya risasi chenye uzi mwembamba hadi juu, uzi ukavuta kamba. Kisha akamgeukia Thongsuk.

"Kaka, ubaya ni hirizi kuwa chini yangu. Siyo?"

"Ndiyo."

"Zikiwa juu yangu?"

Thongsuk akafikiri. Alifikiri kwa uso wote. "Zikiwa juu yako hakuna neno."

"Basi zitangulie. Tutazivuta kwa uzi mpaka kwenye panda ile ya juu kabisa, zikae kwenye mfuko wa vyombo. Mimi nitafanya kazi chini yake. Nikishuka, tunaziteremsha."

"Nazo zitanilindaje ziko kule, nami niko hapa?"

Khiao akaingilia. "Zitakuona vizuri zaidi. Hapo shingoni zinaona tumbo tu."

Nan Muen akacheka mara ya kwanza siku ile, akapiga goti bovu kwa kusahau, akaguna. Halafu akamnyooshea Khiao kidole. "Na wewe unayecheka? Chui wako wa mgongoni tutamvua, au tutakuvuta wewe mzima?"

Khiao akajipapasa mgongo. Chale hazivuliwi.

"Huyo hasimami chini kabisa," alisema Bualai. Alichukua kapi akalifunga kwenye shina la yang, karibu na ardhi, akapitisha kamba ya tawi, akaitembeza pembeni mpaka kwenye mkwaju wa nje ya ukuta, akaizungusha shinani. "Utashika kamba kule. Ukitaka kuteremsha, unalegeza. Mimi nitakuwa huku, wewe kule. Chui wako hatajua kama nimepanda."

Nan Muen aliitazama kamba ile inavyokata kona. Nilidhani atasifu, lakini alisema tu, "Fundo la kapi liko juu mno," naye akalishusha, wakaridhika.

Thongsuk alivua hirizi moja moja, akizigusisha paji la uso. Aliziviringisha kwenye shali safi, akaziweka kwenye mfuko. Nan Muen, akiwa amekaa kwenye kiti, alivuta manati. Kifuko cha kwanza kiliingia kwenye paa la jikoni la watawa, ambako mtu alipiga kelele na sufuria. Cha pili kilipita kwenye panda ile ile aliyoitaka. Mfuko wa hirizi ukapanda polepole, unazungukazunguka, sisi sote tumeinua vichwa, na Thongsuk ameweka viganja pamoja kama anayesindikiza msafiri.

Ndipo Bualai akauinamia mti, akauomba radhi kwa kuupanda mgongoni, akakwea.

Sijui kuandika jinsi anavyopanda. Baba yake alipanda kama mtu anayegombana na ngazi. Bualai analisukuma fundo, anakaa, analisukuma tena, kama anayeshona. Hakugusa kitambaa cha manjano. Alipofika kwenye tawi bovu, aligonga kwa mpini wa msumeno, akasikiliza, akagonga mbele kidogo. Kisha akafunga kamba, na sauti yake ikashuka kwetu nyembamba:

"Kaka Khiao, uko?"

"Niko, dada. Mimi na chui."

Vipande vilishuka kimoja kimoja, vikining'inia hewani juu ya paa, Khiao akilegeza nje ya ukuta bila kuona kitu, Thongsuk akimpigia kelele: "Legeza. Legeza. Simama, vigae hivyo. Legeza tena." Kipande kikubwa cha mwisho kilipita karibu na ukingo wa paa kiasi kwamba mtawa mkuu aliinua ufagio, sijui alitaka kukisukuma au kukipiga. Kikatua kwenye nyasi kama mtu anayekaa kitini. Hakuna kigae kilichopasuka. Bualai akapaka chokaa nyekundu kwenye kidonda, akashuka, uso umejaa vumbi la mbao, meno meupe.

Nan Muen alikuwa anafungua mdomo kusema, na sote tulijua atakalosema, Thongsuk alipolegeza uzi wa hirizi zake. Mfuko ulishuka kidogo, upepo ukautia bembea, ukazunguka kisiki cha tawi, ukajifunga. Akavuta. Haukuja. Akataka kuvuta kwa nguvu.

"Usivute," alisema Bualai. "Uzi utakatika, na vioo vile vikianguka kutoka kule, utaokota unga."

Tukatazama juu. Mfuko ulimlazimu mtu aende juu yake, akae kwenye panda, auzungushe kwa mkono kurudi ulikotoka. Yaani mtu awe juu ya hirizi. Na mtu alikuwa mmoja tu.

Thongsuk alikaa kwenye kipande cha tawi. Shingo yake tupu ilionekana nyeupe na ndogo, kama ya mtu mwingine. Hakuna aliyemharakisha. Mtawa mkuu alimpa chai.

"Baba Mkuu," Thongsuk akauliza, "akienda juu yake, zitakwisha nguvu?"

"Mimi nimekaa chini ya ndege miaka mingi," alisema mtawa mkuu. "Wananinyea. Bado nasali."

Thongsuk akanywa chai yote, hata majani. Kisha akasimama, akachukua kamba ya kupandia, akaikagua kwa vidole kama Bualai anavyofanya, ingawa yeye hajui anatafuta nini, akampa.

"Panda, dada. Nitashika mwenyewe hapa chini."

"Chini yangu?"

"Kwani nitashikia wapi, Lamphun?"

Akapanda mara ya pili. Thongsuk alisimama chini kabisa, kichwa nyuma, mdomo wazi, hakusogea hata hatua. Bualai alikaa juu ya panda, juu ya hirizi, juu ya sisi sote, akauzungusha mfuko, ukashuka salama. Thongsuk alifungua shali, akahesabu vigae, akatikisa kimoja sikioni kama yai.

"Vipi?" Khiao akapiga kelele nje ya ukuta. "Zipo hai?"

"Zina joto," alisema Thongsuk.

"Ni jua, mjinga wewe."

"Mimi nasema zina joto."

Bualai alipokanyaga ardhi, Nan Muen alikwisha simama bila fimbo. Alimfunga uzi mweupe kifundoni mwa mkono, taratibu, akiziita roho zake zote, maana huku kwetu mtu ana nyingi, zishuke, isibaki hata moja juu ya mti. Halafu akakata kipande cha uzi ule ule, akakifunga kwenye ncha ya kamba. Akaikunja kamba, akamwekea begani. Kisha akasema, "Nendeni mkale, wali unakauka." Mpwa wa Lamphun alitumiwa kikapu cha longani na salamu za heri.

Tangu hapo nimewaona kazini mara nyingi, maana napita popote palipo na kivuli. Khiao amezoea kukaa pembeni na kapi lake, anasema ndiyo kazi ya wazee wenye akili. Na kila mara, kabla Bualai hajapanda, mfuko wa hirizi hutangulia. Majuzi nilimwuliza Thongsuk kwa nini, wakati zilikwisha kupitiwa juu na nguvu hazikwenda popote.

"Babu," aliniambia, akivuta uzi na kutazama juu kwa furaha, "si kwa ajili yangu. Zimezoea upepo. Nikiziacha shingoni, zinalalamika."