Jina Alilopaswa Kulisahau

Mpunga mchanga una harufu yake, tamu yenye ubichi wa matope, na kila ninapoinusa huinua macho angani kabla sijakumbuka sababu. Kule kijijini kwetu Mofu, katika miaka ya tisini, harufu hiyo ilitukuta tumeshahamia shambani kuamia ndege. Tulishinda juu ya dungu, kichanja cha miti chenye paa la nyasi, tukigonga madebe na kupaza sauti ili kwelea wasitue. Kila mtu alikuwa na ukelele wake. Mama, tangu mdogo wangu achukuliwe, alipaza jina moja tu: Tekla. Majirani walimsikia na hawakumuuliza kitu.

Tekla alichukuliwa na bwana mmoja wa ofisini, kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, na mkewe. Hawakujaliwa mtoto. Sisi baba alikuwa amefariki, mafuriko yamezoa mpunga wote, na nywele za mdogo wangu zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa njaa. Walikaa mkekani kwetu wakapatana na mama: mtoto ataitwa Jackline, atakuwa wao, asiambiwe alikotoka. Kila msimu watamleta ili mama amwone, na mtoto amwite shangazi. Nilimchukia yule mama wa Kidatu kwa marashi yake, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa mpole.

Mwaka uliofuata walikuja kweli, na gari la kazini. Mdogo wangu alishuka amenawiri, miguuni soksi nyeupe, nywele nyeusi tii.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Hamjambo huko?” Mama alijibu huku akitazama chini.

Alikuwa amewatwangia pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga. Yule mama wa Kidatu akasema kwa adabu, “Asante dada, ila tumbo lake halijazoea.” Tumbo lililokulia pepeta! Mama akafunika bakuli, akapanda dunguni kuendelea na kazi.

Kwelea wakaja, kundi zito kama moshi. Mama hakuwaza. Alisimama akaita kama alivyoita kila siku.

“Teklaaa!”

“Abee, mama,” mdogo wangu akaitika, ameinama anachezea konokono, wala hakuinua uso.

Yule mama wa Kidatu hakugomba. Alimpangusa mtoto matope, akasema wamechelewa na njia ni mbaya, wakaondoka. Mama alibaki amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na ndege wakatua wakala. Msimu uliofuata hawakuja. Tulipokwenda Kidatu kuuliza, tukaambiwa bwana yule alihamishwa kazi, wapi hawajui.

Tangu hapo mama aligonga debe tu. Sauti ya kuitika ikahamia kwangu. Niliisikia nikichota maji, niliisikia kanisani, na mpaka leo mtoto wa kike akiitika “abee” sokoni Ifakara nageuka kumtafuta, kisha naona aibu.

Sasa ninaishi hapa mjini, nyumba ina umeme, wanangu wanasoma. Juzi wifi yangu wa Dodoma, mwenye uwezo na asiye na mtoto, aliniomba kitinda mimba wangu akamlee. Nilimkatalia kwa ukali, kisha nikaenda kumweleza mama, nikijua atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ulipokataa, mchele ndani ulikuwepo?”

“Ulikuwepo, mama.”

“Basi usinisimulie, Skola.”