Upande wa Chini Nao Upate Jua

Baba alipopelekwa hospitali Dodoma, aliacha agizo moja tu nyumbani. Hakusema lolote kuhusu ng'ombe wala shamba la mtama. Alisimama mlangoni, kaka yangu kamshika mkono, akamwambia mama, "Itunze hiyo sola."

Sola yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi sinia la chai, ya kubeba mkononi, na waya wake uliingia moja kwa moja kwenye simu. Kaka, aliyekuwa anaishi Nkuhungu, mtaa wa Dodoma, ndiye aliyeileta kutoka mjini pamoja na simu ya tochi. Ni miaka ile ambapo watu wa mjini walianza kutembea na simu kiunoni, sisi huku Kondoa bado tunabembeleza betri za redio kwa kuzianika juani. Baba aliipenda sola ile mpaka tukawa tunamcheka. Asubuhi aliipandisha mwenyewe juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, akaifuta vumbi kwa pindo la kanzu, jioni akaishusha. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata kuigusa.

Simu haikushika mtandao mahali pengine popote ila kule juu ya tembe. Kwa hiyo baba alipoondoka ikawa inashinda huko, imefunikwa na kipande cha kibuyu isipate joto, sola kando yake. Tulikubaliana na kaka kwamba hali ya baba ikibadilika atapiga, nami nitampandisha mama basi la alfajiri. Mama alikuwa keshafunga kikapu chake: shuka safi, kanga mbili na unga wa uwele wa uji wa baba. Kikapu kilikaa nyuma ya mlango. Alichotaka kilikuwa kimoja, aitwe mapema amkute mumewe yu hai.

"Mimi sitaki kuletewa habari," aliniambia. "Nataka kwenda."

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijiji cha pili, natoka alfajiri narudi jioni. Mchana simu ilikuwa jukumu la mama. Nilimwonyesha kitufe cha kijani, akakibonyeza mara tatu kuhakikisha. Baada ya hapo alishinda chini ya ngazi ya kupandia tembe akichambua majani ya kunde, sikio lote juu.

Jumatano jioni nilirudi nikakuta simu imezima. Sola ilikuwa imeshushwa vizuri, imefutwa, imeegemezwa ukutani. Mvua zilikuwa zinaishia na mawingu yalikuwa bado yanapitapita, nikayalaumu mawingu. Kesho yake jioni, hali ileile. Safari hii nikamlaumu kaka, kwamba ameuziwa sola feki, na maneno niliyoyatoa siwezi kuyaandika hapa.

"Haijaita tangu juzi," mama alisema. "Huwezi kwenda senta kuichaji?"

Senta palikuwa na duka lenye jenereta, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilikuwa nimesimama darasani kutwa, miguu inaniuma. Nikamwambia nitakwenda kesho.  Aliingia ndani, nikamsikia akikifungua kikapu na kukifunga tena.

Ijumaa nilitoka shule mapema kwa ajili ya swala, nikaswali, nikarudi nyumbani kuchukua simu niende senta. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la dawa. Nikapanda ngazi. Juu ya tembe mama alikuwa ameanika majani ya kunde na mlenda, safu kwa safu, kama wanawake wote wa kwetu wanavyofanya mvua zikiisha. Katikati ya mboga ilikuwepo sola. Ilikuwa imelala kifudifudi, uso wake wa bluu umegusa udongo, mgongo mweupe unaangalia mbingu, na juu yake jiwe dogo ili upepo usiichukue.

Nilimwita. Alikuja mpaka chini ya ngazi, akanitazama akiwa amejikinga jua kwa kiganja.

"Mama, nani ameilaza hivi?"

"Mimi. Asubuhi mapema nageuza mboga, na yenyewe naigeuza. Upande wa chini nao upate jua." Akaongeza, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyokabidhiwa, "Tangu baba yako aondoke sijaruka hata siku moja."

Ni kweli, hivyo ndivyo kitu kinavyokauka. Mboga usiyoigeuza huota ukungu chini. Alikuwa ameitunza sola kama alivyojua kutunza kitu chochote kilichowekwa juani, na hakuna aliyemwambia vingine, kwa sababu baba hakuruhusu mtu aisogelee, na mimi, mwalimu, nilimfundisha kitufe cha kijani tu.

Niliigeuza. Nikakaa hapohapo kwenye udongo wa moto nikisubiri. Simu ilipowaka, meseji zilikuja tatu kwa mfululizo, zote za kaka. Ya Jumatano: baba amezidiwa, mlete mama kesho. Ya Alhamisi: baba anamuulizia mama, mko wapi, simu yenu haipatikani. Ya tatu ilikuwa ya siku ileile. Alifariki usiku, na wazee wa mtaani kwake walisema maiti hacheleweshwi. Wamemzika baada ya swala ya Ijumaa.

Wakati wanambeba, mimi nilikuwa msikitini kwetu, nimefumba macho, namwombea apone.

"Wanasemaje?" mama aliuliza kutoka chini.

Nilishuka kwanza. Nilimwambia yote isipokuwa moja. Alipouliza kwa nini hawakupiga, nilimjibu kwamba walipiga, lakini mtandao ulikatika wilaya nzima. Naye alikwenda kuwaeleza hivyo waliokuja kuhani, kila mmoja, kwa subira: mtandao ulikatika. Nilikuwa nakaa kwenye jamvi nikisikia, nikiona aibu, nikinyamaza.

Alipokuwa ndani kwenye eda, niliipigilia sola kwenye ubao, uso juu. Alipotoka baada ya miezi minne na siku kumi aliiona, akauliza. Nikasema ni kwa sababu ya upepo.

Miaka miwili baadaye alipita kijana muuza sola akiwa na baiskeli. Alisimama uani kwetu akawaeleza wanawake wa jirani namna ya kuitumia. Uso huu wa bluu ndio unaokula jua, alisema, mgongo hauli kitu, ukiilaza kifudifudi umeizima. Mama alikuwa anapepeta mtama. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

Jioni, tukiwa wawili, akaniuliza taratibu, "Siku ile, uliposhika ile simu ikawaka. Ulikuwa umefanya nini?"

"Mtandao ulirudi, mama."

 "Haya, mwanangu," akasema.

Hakuniuliza tena mpaka anafariki. Lakini msimu uliofuata alianika mboga zake chini, uani, kwenye mkeka, kuku wakizidonoa. Juu ya tembe hakupanda tena.