Mdogo Wangu na Nanga ya Wageni

Mdogo wangu ni mzamiaji, na neno hilo lilituletea kazi nyumbani. Kwetu Iringa, ukisema mtu amezamia, watu wanaelewa kajificha kwenye meli kwenda Ulaya bila karatasi. Jirani mmoja alimletea mama pole na kuku. Mama alipokea kuku kwanza, ndipo akaeleza kwamba binti yake anazamia kisiwani, na mtungi wa hewa mgongoni, akiwaonyesha watalii samaki na matumbawe, na kila jioni analala nchi kavu.

Mwaka juzi, katikati ya baridi ya Mbeya, mdogo wangu alitokea mlangoni kwangu, mtaa wa Soweto, bila kupiga simu. Amevaa kandambili na sweta la kuazima. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Alikaa, akachukua sindano, akaanza kushona vifungo. Sikumuuliza. Kesho yake, tukiwa tunamenya viazi, akasema mwenyewe.

"Dada, nimesimamishwa kazi."

Ilikuwa hivi. Boti kubwa ya kifahari, ya wale matajiri wanaozunguka bahari kwa starehe, ilitia nanga karibu na miamba anakopeleka wageni wake. Asubuhi upepo ukageuka, na boti nayo ikageuka, ikiuvuta mnyororo wake chini. Yeye alikuwa huko chini na watalii wawili. Alisikia kwanza mkwaruzo, kama mtu anaburuta bati juu ya kokoto, kisha maji yakawa meupe kwa vumbi. Aliwapandisha wageni wake salama, akarudi kuangalia. Mnyororo ulikuwa umefagia kila kitu. Tumbawe moja la mviringo, kubwa kuliko jiko langu, lilikuwa limepinduliwa.

Akachukua mtumbwi hadi kwenye ile boti, akapiga kelele wang'oe nanga. Kijana mwenye sare nyeupe akamwambia wageni wanapata kifungua kinywa, asubiri. Hakusubiri. Alisema maneno mengi, mengine ya Kihehe. Kumbe watu wale walikuwa wameshapanga kuzamia na kampuni yake. Bosi akamwambia aombe radhi, la sivyo akae kwao.

Jumamosi tulipanda basi kwenda kwa mama. Mama ni mkulima, bahari hajaiona. Mdogo wangu akamwonyesha picha kwenye simu.

"Haya si mawe?" mama akauliza.

"Yana uhai, mama. Yanakua taratibu mno. Hili lilikuwepo kabla hujazaliwa."

"Na hao wenye boti wanajua?"

"Wengine hawajui. Ukiwa juu huoni kitu."

"Basi kaombe radhi, urudi kazini. Kazi hazipatikani."

Mdogo wangu alitoka nje akafunga mlango kwa nguvu, jambo ambalo katika nyumba ya mama halifanywi. Usiku ule hawakusemeshana. Jumapili mama akaenda kanisani peke yake. Mimi nilibaki nikipika, katikati ya wawili hao, na kwa kweli nilikuwa upande wa mama. Nilifikiri: bahari yote ile, mnyororo mmoja una nini?

Mchana, mama aliporudi, mdogo wangu alimpigia bosi wake simu, mbele yetu. Akasema anaomba radhi kwa kupaza sauti. Kwa kwenda kule haombi. Kisha akaomba kitu: wazamishe zege zito kwenye mchanga, mbali na matumbawe, walifunge kamba na boya juu, ili boti zinazokuja zifunge hapo zisitupe nanga. Bosi akasema, "Njoo tuongee." Mama alimfungia maharage ya kusafiri nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yao.

Alirudishwa kazini, na boya likawekwa, kwa msaada wa wavuvi waliojua mchanga uko wapi. Mwaka jana nikaenda kumtembelea. Siwezi kuogelea, kwa hiyo alinivalisha miwani ya majini na jaketi la kuelea, akanishika mkono, akaniambia nitazame chini tu. Niliona rangi ambazo dukani kwangu sina uzi wake. Kisha rangi zikakatika. Mbele yetu palikuwa na njia pana, ya kijivu, vipande vimelala kama mifupa, na samaki hawakuwa wakipita hapo. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyofikiri. Nililia ndani ya miwani, na hilo halifai, maana huwezi kufuta machozi.

"Itapona?" nilimuuliza tulipotoka.

"Labda. Sisi hatutaiona ikipona."

Alisema bila uchungu, akikunja kamba. Manahodha wengi sasa wanafunga kwenye boya akiwafuata na mtumbwi kuwaelekeza. Anasema wengine hata humshukuru. Mmoja alimcheka, akatupa nanga palepale. Mdogo wangu alipiga picha, akazipeleka kwa maofisa wa hifadhi ya bahari, na hadi naondoka hakuwa amejibiwa. Asubuhi ya safari yangu boti nyingine nyeupe ilionekana kwa mbali. Aliniaga haraka haraka, akausukuma mtumbwi majini.